Haya Si Majivu

Asubuhi katika uwanja wa matofali huanza kwa kelele mbili. Ya kwanza ni ya mashine ya kukandamizia matofali. Ya pili ni ya mume wa Mama Tofali. Mtaa mzima unamwita Kimya, kwa sababu hajawahi kunyamaza.

"Leo jua litawaka," alisema Kimya huku akisukuma toroli. "Likiwaka, tofali litakauka haraka. Likikauka haraka..."

"Litapasuka, najua," alisema mkewe. "Nenda kalete maji."

Mama Tofali alikuwa amembeba binti yao mgongoni. Mtoto alikuwa bado hajaanza kutembea. Mama alijaza kalibu ya mashine, akavuta mpini chini, akauinua, na tofali likatoka limenyooka pande zote. Alilitazama kwa kuridhika. Ukitaka kumkasirisha mwanamke huyu, gusa tofali lake kabla halijakauka.

Uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba yao. Matofali mapya yalipangwa chini, na Mama Tofali aliyamwagilia maji asubuhi na jioni ili yakomae vizuri. Maji yaliyochuruzika yaliingia kwenye mfereji mdogo na kwenda moja kwa moja hadi bustani ya mboga. Bustani ilikuwa ya Bibi, mama yake Kimya. Mfereji aliuchimba mwenyewe kwa jembe lake, maana hapendi kuona hata tone la maji likipotea.

Taabu ilikuwa mchanga. Watu walikuwa wamechimba mchanga mtoni ovyo, kingo zikaporomoka, na wakuu wa mji wakapiga marufuku. Rundo la mchanga pale uwanjani likapungua mpaka likabaki kichuguu.

"Mchanga tuliobaki nao ni huyo uliyembeba," alisema Kimya, akimtazama mtoto mgongoni.

Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Tangu siku hiyo mtoto akaitwa Mchanga. Mama Tofali peke yake hakucheka. Zahanati mpya ilikuwa inajengwa barabara ya pili, na msimamizi wa ujenzi alikuwa amempa kazi ya matofali ya kutandaza uwanja wa mbele, pale ambapo akina mama watasubiri na watoto wao. Akiikamilisha kazi hiyo, uwanja wake wa matofali utadumu. Akishindwa, mashine itabidi iuzwe. Na tofali halitengenezwi kwa maneno, hata kama Kimya anayo mengi.

Ndipo Kimya akaja na habari. "Tanuri la kuchomea taka za mji lina majivu hadi wamekosa pa kuyaweka. Wanagawa bure! Majivu badala ya mchanga, mke wangu. Mchanga wa moto!"

Alienda na mkokoteni siku hiyo hiyo. Nyuma ya tanuri alikuta majivu ya aina mbili. Yaliyotoka chini ya tanuri yalikuwa meusi, mazito, na ndani yake mlikuwa na vipande vya vioo, misumari na vifuniko vya makopo. Karibu na bomba la moshi kulikuwa na magunia ya majivu mengine, ya kijivu, laini kama unga.

"Haya laini nayo naweza kuchukua?" Kimya alimuuliza mlinzi wa lango.

Mlinzi alikuwa anakunywa chai. "Majivu ni majivu," alijibu. "Beba."

Kimya akabeba yote. Yale laini aliyapenda zaidi, kwa sababu hayakuhitaji hata kuchekechwa.

Nyumbani Bibi aliyapokea kwa shangwe. "Majivu! Mbona hamkuniambia?" Alichota ndoo nzima. Mengine aliyanyunyiza kwenye mboga kufukuza wadudu, mengine akasugulia sufuria. Maisha yake yote alikuwa anatumia majivu ya kuni hivyo hivyo, na mboga zake zilitia fora. Hakuona tofauti yoyote.

Matofali ya majivu yalitoka laini, yanapendeza. Lakini baada ya muda mambo ya ajabu yakaanza. Matofali kadhaa yalivimba juu na kutoa vipovu, kama unga uliowekwa hamira. Mengine yaliota ukoko mweupe ubavuni. Mama Tofali aliyatenga yaliyovimba. Ule ukoko aliukwangua kwa kisu. Alihisi kuna kitu hakiko sawa, ila aliogopa kuuliza. Kuna maswali ambayo mtu mwenye kazi mkononi hayataki.

Jumamosi alikuja wifi yake, mdogo wake Kimya. Wifi huyu alifanya kazi katika maabara ya maji ya mji, na hakutembea bila chupa ndogo kwenye mkoba. Yeye na Mama Tofali walipendana sana, lakini kila mmoja angekataa ukimuuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Bibi aliitikia. "Ngoja nikukatie mboga za kwenda nazo."

Wifi alimfuata mama yake bustanini. Majani ya mboga yalikuwa yameanza kuwa ya njano pembeni. Akaona vumbi la kijivu juu yake. Akaona mfereji. Macho yake yakaufuata mfereji hadi kwenye matofali. Akaenda, akachutama, akagusa ule ukoko mweupe.

"Wifi, umeweka nini humu?"

"Saruji na majivu."

"Majivu ya jikoni?"

"Ya tanuri la taka. Usianze, wifi. Najua umekuja kunipima."

"Hii ni chumvi imetoka ndani ya tofali. Na ikitoka chumvi, huenda na mengine yanatoka."

"Wewe ndiye unayetia chumvi," alisema Mama Tofali. "Tofali langu ni gumu kama jiwe. Libebe, liangushe uone!"

"Sijasema si gumu. Nasema linatoa jasho. Wewe kila siku unalimwagilia maji. Maji yanaingia kwenye vitundu, yanachukua kilichomo, yanatoka nacho, yanakwenda kwenye mboga za mama." Akamgeukia Bibi. "Mama, weka hicho kisu. Mboga hizi zisiliwe kwanza. Nina wasiwasi na risasi."

Bibi alidondosha kisu. "Risasi! Nani kapigwa?"

"Hakuna aliyepigwa, mama," Wifi alisema, akijizuia kucheka. "Risasi ni aina ya madini. Risasi za bunduki zilitengenezwa nayo, ndiyo maana zikaitwa hivyo. Imo kwenye betri kuukuu, kwenye rangi za zamani, kwenye nyaya na vifaa vya umeme. Vyote hivyo watu wanavitupa, na vikitupwa vinakwenda tanurini."

"Si vimechomwa?" aliuliza Kimya. "Kilichochomwa si kimekwisha?"

"Kaka, ukiacha supu jikoni ikakauka yote, chumvi inakwenda wapi?"

Kimya alifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo. "Inabaki chini ya sufuria."

"Basi ndivyo. Moto unamaliza karatasi na matambara. Risasi na wenzake hauwamalizi. Wanaitwa metali nzito. Wanabaki kwenye majivu, na kwa kuwa taka imepungua, wanakuwa wamejazana mahali padogo. Majivu mengine yanapanda na moshi, yananaswa kwenye chujio la bomba. Hayo ndiyo mabaya kuliko yote. Yanakuwa laini sana, kama..."

"Kama unga," Kimya alimalizia, na sauti yake ikafifia.

Mchanga, ambaye alikuwa ameshushwa chini, alikuwa anatambaa kando ya mfereji. Alikuwa na tope mkononi, na mkono ulikuwa unaelekea mdomoni.

Mama Tofali alimfikia kabla hata mtu hajapiga kelele. Alimnawisha kwa sabuni mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Inafanya nini kwa mtoto?" aliuliza.

"Inaingia kwenye damu, halafu inasumbua ubongo unaokua," alisema Wifi. "Haionekani na haiumi. Mtoto anakuja kuchelewa kusema, anakuja kuchelewa kujifunza, na watu wanasema ni mzito tu. Lakini bado hatujapima, wifi. Tusikate kauli kabla ya kupima. Nipe tofali moja."

Alilivunja vipande vidogo, akavitia kwenye chupa yenye maji safi, akaondoka nayo. Katika maabara chupa ilitikiswa usiku na mchana, kisha maji yakachujwa na kupimwa. Kipimo hiki hakiulizi kama tofali ni gumu. Kinauliza maji yanatoka na nini ndani ya tofali.

Jumatatu Wifi alirudi. Alikaa jikoni na hakutaka chai.

"Risasi imezidi kiwango mara nyingi," alisema. "Na kadimi, metali nyingine nzito, nayo imezidi. Pole, wifi."

Mama Tofali hakulia. Alikasirika. Alimkasirikia mlinzi, tanuri, mto, na Kimya aliyekaa pembeni kimya kabisa, jambo lililomtisha kuliko majibu ya maabara. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe na kile kisu alichokwangulia ukoko.

"Lori la zahanati linakuja keshokutwa," alisema hatimaye. "Matofali ni mazuri kwa macho. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," alisema Wifi kwa upole.

"Na mimi nitajua, usinifanye mjinga!" Mama Tofali alifoka. Akamtazama mtoto aliyelala mgongoni kwa Bibi. Alifikiria uwanja wa zahanati, mvua ikinyesha, na watoto wa watu wakitambaa juu ya tofali lake. Akapiga moyo konde. Alivaa viatu, akaenda mwenyewe kwa msimamizi wa ujenzi.

"Matofali niliyokutengenezea hayafai," alimwambia. "Yana sumu ndani. Siwezi kukuletea."

Msimamizi alitoa macho. "Sasa mimi nifanyeje?"

"Uwanja wa mbele ni kazi ya mwisho. Jengo lenyewe bado halijaezekwa. Nipe muda wa kuezeka na kupiga lipu. Nitakuletea mengine, na karatasi ya maabara juu yake."

Msimamizi alinung'unika sana. Alisema mambo ambayo hayafai kuandikwa hapa. Mwisho akasema, "Karatasi ya maabara kwanza, halafu matofali."

Siku hiyo hiyo walimpeleka Mchanga kwa muuguzi, akachukuliwa damu. Majibu yalipokuja, risasi ilikuwamo, kidogo.

"Hakuna kiasi cha risasi kinachomfaa mtoto," alisema muuguzi. "Lakini mmewahi. Ondoeni chanzo chake, mnawisheni mikono kila mara kabla ya kula, mpeni chakula cha kutosha, kisha mrudisheni apimwe tena."

Wakaondoa chanzo. Bibi aling'oa mboga zake mwenyewe, na kila alipong'oa shina aliliambia pole. Udongo wa juu ulichotwa. Matofali mabaya, udongo na majivu yaliyobaki yakaloweshwa kidogo ili yasitimke vumbi, yakafungwa kwenye magunia, yakarudishwa tanurini. Mfereji ukafukiwa.

Kule tanurini Wifi alienda nao. Mkuu wa tanuri aliposikia habari ya yale magunia laini, alishika kichwa. Yalipaswa kukaa chini ya kufuli, kisha kupelekwa kwenye shimo la taka za hatari, lililozibwa pande zote ili maji yasipite. Kufuli lilifungwa mbele yao. Mlinzi alisahau chai yake ikapoa.

"Kwa hiyo ndoto ya majivu imekufa?" Kimya alimuuliza dada yake.

"Haijafa. Mliikosea njia. Majivu ya chini ya tanuri yanaweza kutumika, yakitengenezwa. Mnataka kufanya kazi?"

"Mimi nataka matofali," alisema Mama Tofali.

Mkuu wa tanuri, kwa aibu au kwa wema, aliwapa sehemu yenye sakafu ya saruji kando ya tanuri. Wakaanza. Kila aliyeshika koleo alivaa barakoa, glavu na viatu vya mpira, na nguo za kazi hazikuvaliwa kwenda nyumbani. Kwanza walichekecha majivu meusi. Kisha Kimya akapitisha sumaku kubwa, ikaokota misumari na vipande vya chuma. Vipande vya alumini haviokotwi na sumaku, kwa hiyo waliviokota kwa mkono wenye glavu.

"Hivi ndivyo vilivyovimbisha matofali yako," Wifi alieleza. "Alumini ikikutana na saruji mbichi inatoa gesi. Ndiyo vile vipovu."

Mama Tofali alikitazama kipande cha kifuniko kiganjani. "Kumbe ni wewe," alikiambia.

Halafu waliyaosha majivu kwa maji ili chumvi itoke. Maji hayo hayakumwagwa ardhini. Yalikwenda kwenye tangi, na tanuri likayasafisha kwa dawa zake. Baada ya kuosha, walitandaza majivu na kuyaacha.

"Tuyaache mpaka lini?" aliuliza Kimya.

"Miezi mitatu hivi. Yawe na unyevu, na yageuzwe kila wiki yapate hewa. Majivu mabichi yana ukali kama wa chokaa, na katika ukali ule risasi inatoka kirahisi. Hewa inaupunguza taratibu, na madini mengi yananaswa ndani ya chembe. Yaacheni yakomae."

Kusubiri kulimshinda Mama Tofali kuliko kubeba. Katika miezi hiyo alisaga vifusi vya saruji vya nyumba zilizobomolewa, akatengeneza matofali machache ya kuendeshea maisha. Kila alipopita zahanati alitazama paa. Bati likapanda. Lipu ikaanza.

Muda ulipofika, Wifi alichukua sampuli. Majibu yakawa mazuri, lakini si mazuri ya kutosha.

"Majivu ya katikati ya rundo bado ni mabichi," alisema. "Nani alikuwa anageuza?"

Wote wakamtazama Kimya.

"Niligeuza!" alisema. "Ila siku zingine fundi wa tanuri alikuwa na hadithi ndefu..."

"Fundi, au wewe?" aliuliza mama yake.

Wiki zilizofuata Mama Tofali aligeuza rundo mwenyewe, mpaka chini kabisa. Kimya alikuwa upande wa pili na koleo lake, akiongea, lakini akigeuza. Safari hii majivu yalipita kipimo.

Sasa ikaja kazi ya tofali. Majivu yaliyokomaa yalichukua nafasi ya sehemu tu ya kifusi kilichosagwa, si yote. Saruji haikupunjwa. Maji yaliwekwa machache, na Mama Tofali alikandamiza kwa nguvu zake zote, maana tofali lililoshikana vizuri halina vitundu vingi vya kupitisha maji. Hakuyamwagilia tena ovyo. Aliyafunika kwa magunia yaliyolowa na turubai juu yake, kwenye sakafu ya saruji. Maji machache yaliyochuruzika yaliingia kwenye pipa, na maji ya pipa yakatumika kuchanganyia matofali ya kesho.

"Hakuna hata tone linalopotea," alisema Bibi, na hilo ndilo lililompendeza zaidi.

Wifi alivunja tofali, akalitikisa kwenye chupa, akapima. Alirudi akiwa amekunja uso. Mama Tofali aliacha mpini wa mashine hewani.

"Sema."

"Risasi iko chini ya kiwango. Kadimi karibu haionekani." Uso wa Wifi ukakunjuka. "Limepita, wifi."

Mama Tofali alimkumbatia, akampaka saruji mgongo mzima. "Usimwambie mtu," alisema.

"Lakini sikiliza. Hata hili lina mahali pake. Litandazwe njiani, lijenge ukuta wa uzio. Lisijenge tangi la maji ya kunywa wala kingo za bustani. Na kila rundo jipya lipimwe upya, kwa sababu taka ya leo si taka ya jana."

"Na mimi nina la kusema," alisema Bibi. "Kosa lote lilianzia kwenye jina. Mlinzi alisema majivu, na mimi niliposikia majivu nikachota. Mtu akisikia jina hilo atafikiri ni ya jikoni. Hiki kitu kipewe jina lake."

Kimya alipendekeza majina mengi, mengine marefu kuliko tanuri. Jina lililokubalika lilikuwa la Bibi mwenyewe: mabaki ya tanuri. Kimya alichora kibao kwa rangi nyekundu, akakisimika pale kwenye rundo: HAYA SI MAJIVU. NI MABAKI YA TANURI. USIPELEKE NYUMBANI. Mkuu wa tanuri alikipenda, akaagiza kingine langoni, juu ya kichwa cha mlinzi.

Uwanja wa zahanati ulitandazwa kabla ya milango kufunguliwa. Msimamizi aliikunja karatasi ya maabara, akaiweka mfukoni, kisha akamuuliza Mama Tofali kama anaweza kutengeneza na ya njia ya nyuma. Mama Tofali alisema atafikiria. Alifikiria kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

Wiki ya kwanza tu mvua kubwa ilinyesha. Ilipokatika, Mama Tofali alikwenda zahanati na Mchanga mgongoni. Siku hiyo ilikuwa ya majibu ya damu, na muuguzi aliwaambia risasi imeshuka sana. Alipotoka nje alimkuta Wifi amechutama mwishoni mwa uwanja, anakinga maji yanayotiririka kutoka kwenye matofali.

"Hata leo, wifi?"

"Hata leo. Na mwezi ujao. Na mvua zikianza tena."

"Unaogopa?"

"Siogopi hata kidogo. Nataka tu kila mtu awe na sababu ya kutoogopa."

Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na watoto wao. Matofali yalikuwa yamelowa, yamenyooka pande zote, na hakuna hata moja lililoota ukoko. Mama Tofali aliyatazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua kanga, akamshusha mtoto wake, na kumsimamisha pekupeku juu ya tofali.

Mchanga aliyumba kidogo. Alitazama chini, akapiga hatua kuelekea kwa shangazi yake, halafu akapiga nyingine.